Daftari la Florida: Swali la Tatu

Kama wiki iliyopita hukunisoma, hujakosa kitu ila aibu yangu. Nifupishe.

Mimi ni Darren Tasker wa Grimsby, Uingereza, mfanyakazi wa chumba cha barafu katika kiwanda cha samaki. Mwaka juzi mke wangu Maxine alinunua daftari jekundu, akaandika FLORIDA kwenye jalada, akatangaza kwamba tutampeleka binti yetu Keira kwenye ile bustani kubwa ya michezo huko Marekani kabla hajafika umri wa kutuonea haya. Kampuni ya kwanza ya safari ikafilisika na malipo yetu ya kwanza. Nikauza pikipiki yangu, tukalipa upya kwingine. Asubuhi ya Krismasi tukampa Keira sanduku lenye tiketi ndani, mtoto akaangua kilio, kwa sababu alidhani ndani mna mbwa.

Hayo yalikuwa ya kuchekesha. Cheka tu, mimi mwenyewe nilicheka. Ya leo sijui tuyafanyeje.

Lazima kwanza umjue Maxine na hesabu. Kazini kwake anaandaa mishahara ya madereva mia mbili wa malori, na kwa miaka kumi na sita hajamzidishia mtu wala kumpunja. Daftari lile lilikuwa na kila kitu. Maegesho ya siku kumi na nne. Kikombe kimoja cha soda cha kujaza bure kutwa nzima, kinywaji cha watu wanne. Maharagwe ya kopo na majani ya chai ya kubeba kutoka nyumbani, yamepimwa uzito kwenye mizani ya bafuni: anapanda yeye na sanduku, kisha anapanda yeye peke yake, kisha anatoa.

Hata faini aliiweka. Tulikuwa tunasafiri Mei, shule hazijafungwa, maana Agosti ndege ni bei mara mbili. Na kwetu ukimtoa mtoto darasani ukaenda naye kuchezea maji, halmashauri inamtoza kila mzazi anayeishi na mtoto pauni sitini. Maxine alipiga hesabu akaona faini ni nafuu kuliko Agosti, basi akaiandika kama anavyoandika mkate na maziwa: Faini ya shule, wazazi wawili, pauni 120. Nusu ya mtaa wetu hufanya hivyo hivyo. Mwalimu mkuu anakuletea barua kali, na mwenyewe ukimtazama usoni unaona ngozi imeungua jua la Uhispania.

Keira alikuwa na hesabu moja tu: sentimita mia moja thelathini na saba.

Hicho ndicho kimo cha chini cha kupandia treni kubwa kuliko zote kule, ile inayopanda wima kama inaikimbia dunia halafu inaporomoka. Kila Jumapili alisimama kwenye mwimo wa mlango wa jikoni, mimi nikamwekea rula kichwani na kupiga mstari kwa penseli. Mwezi wa pili akafika mia thelathini na nane. Hakurukaruka. Alitazama ule mstari kwa muda, kisha akanipa mkono kama mtu tuliyemaliza naye biashara.

"Basi ni mimi na wewe, baba," akasema.

Kwa sababu kweli ilikuwa mimi na yeye. Mama yake hutapika hata kwenye basi la kwenda Lincoln. Bibi yake, Beryl, ana nyonga ya chuma. Baba asipopanda, mtoto anakaa na mgeni, na Keira alishasema wazi: na mgeni hapandi.

Liweke hilo moyoni, msomaji. Mengine yote yanazunguka hapo.

Sasa, Jumapili moja baada ya chakula tukakaa mezani kujaza fomu ya ruhusa ya kuingia Marekani. Siku hizi unajaza kwenye kompyuta, unalipa, unangoja jibu. Maxine alishika kompyuta, mimi nilishika kikombe cha chai, na Beryl, ambaye alikuwa wa nne katika safari kwa masharti kwamba atalala kitandani na si kwenye kochi, alishika biskuti.

Maxine alitujazia wote, mmoja mmoja. Majina, pasi, anwani. Kisha yakaja maswali ya ndiyo na hapana.

"Mama, una kipindupindu?"

"Jana nilikuwa na gesi," akasema Beryl.

"Unakwenda Marekani kufanya ujasusi?"

"Andika bado sijaamua. Wakinilipa vizuri."

Tulicheka. Mimi nilicheka kuliko wote. Fomu ya Beryl ikaisha, ya Keira ikaisha, ya Maxine mwenyewe ikaisha, ikafika zamu yangu. Kipindupindu, hapana. Dawa za kulevya, hapana. Hapo Maxine akanikonyeza akasema labda ile dawa ya kikohozi. Halafu swali la tatu. Alilisoma haraka haraka, kama alivyowasomea wengine.

"Umewahi kukamatwa au kutiwa hatiani kwa kosa lililoharibu mali vibaya au kumdhuru mtu?"

Nikatazama chai yangu.

"Kumdhuru nani huyu," akasema Maxine. "Buibui akiingia bafuni naitwa mimi."

Akabonyeza hapana, akaendelea.

Sasa ngoja nikuambie jambo ambalo mpaka Jumapili ile halikuwa limetoka kinywani mwangu kwa miaka ishirini na minne.

Nilipokuwa na miaka kumi na tisa nilikunywa bia nne, nikachukua gari la kuuzia maziwa lisilo langu, nikaliingiza kwenye duka la mazulia kupitia kwenye kioo. Nyuma ya kioo palikuwa na mlinzi. Mguu wake ulivunjika mahali pawili. Nilifungwa miezi sita.

Nilipotoka, afisa aliyekuwa akiniangalia baada ya kifungo aliniita ofisini kwake mara ya mwisho. Alikuwa mtu mwema, sweta lake lilikuwa na tundu kwenye kiwiko. Akaniambia kwamba sheria yetu ina huruma moja: kosa la aina yangu, miaka kadhaa ikipita bila kurudia, linahesabiwa limezikwa. "Mwajiri akikuuliza, Darren, una haki ya kusema huna kosa. Na hutakuwa umedanganya."

Nililishika neno lile kama mtu anavyoshika cheti cha shule. Miaka hiyo ilipotimia sikulifuta kosa kwenye karatasi tu. Nililifuta kichwani.

Ubaya ni kwamba miezi sita ni miezi sita. Nilipokutana na Maxine aliniuliza mwaka ule nilikuwa wapi, kwa kuwa hakuwahi kuniona mjini. Nikamwambia nilikuwa kwenye mitambo ya mafuta, katikati ya bahari. Nilitaka kulifuta hilo neno siku ya pili. Siku ya pili akaniuliza chakula kilikuwaje huko. Nikamwambia kulikuwa na mpishi Mskoti aliyetia pilipili kwenye uji. Akacheka, na mimi nilikuwa nimeshampenda, basi mpishi akabaki.

Amebaki miaka kumi na tisa. Kila mwaka kwenye kumbukumbu ya ndoa yetu naombwa nisimulie habari za mpishi. Ana mke sasa, huyo mpishi, na jicho moja la kioo. Keira aliandika insha juu yake shuleni akapata nyota.

Wiki ile jibu likaja kwa simu ya Maxine. Wote wanne tumekubaliwa. Alinionyesha jina langu, Darren Wilfred Tasker, na alama ya kijani kando yake.

Ungedhani nilifurahi au niliogopa. Sikufanya lolote kati ya hayo. Nimefanya kazi kwenye baridi kali miaka ishirini na miwili, na ganzi naijua. Kwanza kidole kinauma, halafu kinachoma, halafu hakina habari na wewe. Watu hudhani ubaya ni pale kinapouma. Ubaya ni pale kisipouma tena, maana hapo unaweza kukikata pamoja na samaki na usijue mpaka uione ndoo.

Nilisema vizuri, mpenzi. Nikaenda kuosha vyombo.

Jumanne nikampeleka Beryl kliniki kutazamwa nyonga. Tulikuwa tumekaa garini kwenye maegesho, tumewahi dakika ishirini, mvua inapiga kioo. Alikuwa anamenya peremende.

Akasema, bila kunitazama, kwamba Wilfred hawako wengi.

Nikasema ni jina la babu yangu.

"Najua," akasema. "Nililipiga chapa mimi. Lincoln, mahakamani, mwezi wa tatu. Nilikosea Tasker nikaanza karatasi upya, ndiyo maana limenikaa."

Beryl alikuwa mpiga chapa. Hilo nililijua siku zote. Ana kidole gumba kilichopinda kwa kazi ile na hukionyesha kwa watu. Kwamba alikuwa mpiga chapa wa mahakama, hilo hakuna aliyewahi kuniambia, na mimi sikuwahi kuuliza, maana nani anamuuliza mama mkwe alipiga chapa wapi.

Nilimuuliza amejua tangu lini. Akasema tangu kadi za harusi zilipotoka kwa mchapishaji zikiwa na jina langu kamili.

"Na hukumwambia Maxine."

"Nilisema nikuangalie mwaka mmoja. Mwaka ukaisha ukanitengenezea bomba la jikoni. Nikasema basi, mwaka mwingine." Akaitia peremende mdomoni. "Na ule uongo wa mpishi ulikuwa unanichekesha. Pilipili kwenye uji. Ungekuwa na akili zaidi ungekuwa mwanasiasa."

Kisha akaacha kuchekesha, na Beryl akiacha kuchekesha mtu unakaa sawa. Alinieleza polepole kwamba kilichozikwa kwetu hakijazikwa kwao. Wao wanauliza umewahi, hawaulizi umesamehewa. Akasema huenda nikapita nisiulizwe kitu mpaka nirudi. Na huenda nikafika kwenye kidirisha cha uhamiaji, baada ya saa tisa angani, mtoto akiwa na begi lake mgongoni, yule bwana akabonyeza kitufe na kusema bwana Tasker, kaa pembeni.

"Mimi hilo halinisumbui," akasema. "Nitakaa kwenye kiti nile biskuti. Lakini yule mtoto atalijua kosa la baba yake kutoka kwa mtu mwenye sare, katika nchi ya watu. Mwambie mkeo, Darren. Mwambie kabla ya Jumapili, la sivyo namwambia mimi, na mimi sitakutetea kama wewe utakavyojitetea."

Nilimshika mkono kumtoa garini. Alikuwa mwepesi. Nilimngoja saa nzima kwenye benchi na kusoma tangazo la kunawa mikono, mara nyingi, mpaka maneno yakaacha kuwa maneno.

Alhamisi, saa ya chakula kazini, nilipiga simu ubalozi wa Marekani. Yule mama aliyepokea alikuwa mpole. Mtu mwenye kosa kama langu anaomba visa kwa njia ndefu: karatasi kutoka polisi, ada, safari ya London kuhojiwa uso kwa uso. Wengi hupewa, akasema, hasa kosa likiwa la ujana na la zamani. Kwa kawaida ni wiki nyingi. Nikamuuliza nyingi ngapi. Akasema inategemea.

Tulikuwa na wiki tisa.

Kwa hiyo njia ilikuwepo. Nyembamba, lakini ipo. Nilichohitaji ni kuufungua mdomo wangu na kumtoa yule mpishi.

Jumamosi asubuhi, Maxine akiwa anamtayarisha Keira kwa masomo ya kuogelea, nilisimama mlangoni nikamwambia wakirudi kutoka kuogelea nina jambo nataka tuzungumze. Yeye na mimi tu.

Alikuwa anatafuta miwani ya kuogelea ndani ya kapu. Mkono wake ukasimama.

"Jambo gani?"

"Mkirudi. Linahitaji kukaa."

Akanitazama, si sana, kama unavyotazama saa. Akasema sawa, Darren. Kisha Keira akapita katikati yetu akitangaza kwamba leo atakaa chini ya maji sekunde arobaini, na kama hatutamwona tena, chumba chake apewe mbwa.

Nikabaki peke yangu nyumbani. Nikaweka birika jikoni. Nikafanya mazoezi ya kusema. Nililiambia friji kwamba nilifungwa. Friji likapokea vizuri.

Halafu likanijia wazo ambalo wakati ule niliona ni la busara. Maxine ukimletea jambo tupu, analiona ni tatizo. Ukimletea jambo lenye hesabu chini yake, analiona ni kazi, na kazi haimshindi. Basi nikasema nimwandikie: karatasi ya polisi kiasi gani, ada kiasi gani, treni ya London kwenda na kurudi kiasi gani, na kando yake saa za ziada nitakazofanya kulipia zote. Nimkabidhi ukurasa, halafu nifungue mdomo.

Daftari jekundu lilikuwa mahali pake, juu ya rafu, nyuma ya kopo la unga. Kalamu imefungwa kwa uzi.

Mbele lilikuwa limejaa. Kurasa zote namba, namba, na kando mwandiko wa Keira uliochomekwa hapa na pale: na aiskrimu je? Nikaligeuza nianzie nyuma, kwenye kurasa nyeupe.

Nyuma hazikuwa nyeupe.

Daftari lilikuwa limegeuzwa kichwa chini miguu juu na kuanzwa upya, kama watoto wanavyofanya wakitaka kuficha barua. Juu ya ukurasa: Novemba 9. Chini yake, mwandiko ule ule, mistari ile ile.

Ndege, watu watatu. Vitanda vitatu. Tiketi za bustani, mkubwa mmoja, mtoto mmoja, mzee mmoja.

Nitakuambia ukweli, nilipumua. Novemba ile msimamizi wangu alikuwa ananizungusha kuhusu likizo, na nyumbani tulizungumza siku mbili tatu kwamba huenda nikabaki. Nikasema, ah, huyu ndiye Maxine. Alitayarisha na ya dharura. Mwanamke ambaye ana kopo la mishumaa lenye orodha ya mishumaa juu yake. Nilitabasamu peke yangu jikoni. Hata nilianza kuona kwamba hili linanisaidia: hesabu ya watatu ipo tayari, visa ikichelewa mtoto bado ataiona bustani, na treni tutaipanda mwaka mwingine.

Nikashuka na kidole mpaka mstari wa mwisho.

Faini ya shule, mzazi mmoja, pauni 60.

Nikausoma tena. Nikageuza mbele, nikauona ule mwingine: wazazi wawili, 120. Nikarudi nyuma. Mzazi mmoja, 60.

Halmashauri haijali nani amepanda ndege. Baba akibaki kiwandani na samaki wake, bado ni baba, barua inamjia kwa jina lake na sitini zake analipa. Hilo Maxine ndiye aliyenifundisha, hapo hapo mezani, na ramani ya bustani mbele yetu. Ili ziwe sitini, haitoshi nikose safari. Ni lazima nisiwe ninaishi kwenye nyumba.

Na Maxine hakosei.

Pikipiki niliiuza Novemba tarehe ishirini. Alinisindikiza mpaka getini, akaniwekea mkono mgongoni wakati yule kijana anaiwasha na kuondoka nayo.

Nilikaa. Nilisubiri kuumia. Birika likachemka likajizima lenyewe. Nilitazama mistari ya penseli kwenye mwimo wa mlango, mmoja juu ya mwingine, na wa juu kabisa una tarehe na sahihi yangu, kwa sababu Keira alisema bila sahihi haikubaliki.

Sikuumia. Nilikitazama kidole changu juu ya ile sitini kama kidole cha mtu mwingine.

Nje gari likasimama. Mlango ukafunguka, Keira akaingia nywele zinachuruzika, akasema sekunde arobaini na tatu, baba, mwalimu alitaka kuruka ndani anitoe, kisha akapanda ngazi kwenda kujikausha, na nyumba ikatulia.

Maxine alitundika koti. Alikuja jikoni. Aliliona daftari mezani, akaona pia limelala upande gani.

Hakuliondoa. Alitoa vikombe viwili, akatia majani ya chai, akamwaga maji, akanitilia sukari zangu mbili, yote polepole, bila kumwaga tone. Kisha akavuta kiti cha mbele yangu, akakaa, akaweka mikono yake miwili juu ya meza.

"Ulisema una jambo," akasema. "Anza wewe, Darren. Halafu mimi."